Nilifuta sauti ya mama nikiinstall Windows upya, na backup nilikuwa nimefanya

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Uzi huu si wa kuuza kitu. Yaliyomo yamenipata mimi mwenyewe, na laptop ninayoandikia ndiyo hiyo hiyo. Nitaenda polepole kwa sababu kuna mahali bado panauma.

Mimi niko Kabati, Kitui. Nina duka dogo la kuprint, kutypia watu barua na kutengeneza kompyuta. Hapa sokoni wananiita Engineer. Cheti sina, lakini laptop za walimu kutoka hapa hadi Migwani zimepita mikononi mwangu, na kila mmoja nilimwambia afanye backup kwanza. Kuna mwalimu nilimgombeza mbele ya wateja kwa kupoteza mitihani ya darasa zima. Mwalimu, kama uko humu, nisamehe.

Sasa tuje kwa mama.

Mama alifundisha kwaya ya akina mama kanisani kwetu miaka na miaka. Nota hakujua kusoma. Nyimbo zote alizibeba kichwani, na sauti ya pili ndiyo ilikuwa yake. Akianza kuimba jikoni, ulijua chai iko karibu.

Miaka mitatu iliyopita alipata stroke. Mungu ni mwema, alibaki. Anatembea na fimbo, anakula, anajua kila mtu. Lakini sauti haikurudi. Anasikia yote, na akitaka kujibu anatoa mguno tu, halafu anaangalia chini.

Hii hamtaielewa kama haijawapata. Mtu yuko hapo mbele yako, unampa chai, na bado umemkosa. Mimi nammiss mama yangu akiwa ameketi kando yangu.

Bahati nzuri, kabla hajaugua nilikuwa nimemrekodi. Nyimbo kumi na moja, peke yake, sebuleni, kwa laptop hii.

Kila Jumamosi alasiri, saa ambayo zamani angekuwa mazoezini, nilimwekea kiti kando ya tangi la maji na kumfungulia. Alikuwa anafunga macho na kusikiliza mpaka wimbo wa mwisho. Hakuna siku niliyoingoja kama hiyo.

Halafu laptop ikaanza maneno yake. Kuwaka, dakika kumi. Jumamosi moja ikazima katikati ya wimbo, mama akafungua macho akaniangalia.

Nikamwambia, "Mwaitu, wiki ijayo itakuwa sawa." Mwaitu ni vile sisi Wakamba tunamwita mama.

Dawa naijua, ni kuinstall Windows upya. (Wale wa Linux, nawaona. Leo mnipishe kidogo.)

Jumatano duka likiwa halina watu, nikaanza. Backup kwanza, kama ninavyohubiri. Documents, nikakopi. Picha, nikakopi. Kwa desktop kulikuwa na nyimbo za mama zote kumi na moja, zimejipanga vizuri. Nikaziselect, nikapaste kwa flash.

Zikaisha kabla sijapepesa jicho.

Hapo ndipo ningefaa kushtuka. Badala yake nikaisifu flash.

Nikafuta disk yote, nikaweka Windows mpya, laptop ikawaka kwa sekunde chache. Nilipiga mluzi mpaka jirani anayeuza viatu akauliza kama nimeoa.

Jumamosi nikamwekea mama kiti. Akafunga macho. Nikabonyeza wimbo wa kwanza kwa flash. Faili haipatikani. Wa pili, vivyo hivyo. Nikabonyeza zote kumi na moja, jibu ni lile lile.

Watu wa IT mshajua. Kwa wengine: zile za desktop hazikuwa nyimbo. Zilikuwa shortcut, yaani kibao tu cha kuonyesha wimbo uko wapi. Nyimbo zenyewe zilikuwa kwa folda nyingine kabisa, na hiyo folda sikuikopi. Nilihifadhi vibao kumi na moja, nikafuta nyumba.

Na aliyeweka hizo shortcut ni nani? Ni mimi. Jumapili kanisa huazima laptop hii kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, na wale wa projector wakikosa nafasi kwa disk wanafuta chochote. Kwa hivyo nilificha nyimbo za mama ndani kabisa, nikaacha shortcut nje ili dada yangu Mwikali aweze kumfungulia nikiwa sipo. Nilizificha kanisa lisizipate, mwishowe nikasahau mimi mwenyewe.

Mama bado alikuwa amefunga macho, anangoja.

Nikasema laptop bado inasumbua. Nilimdanganya hivyo.

Nilijaribu kila software ya recovery mnayoijua. Hakuna. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini Kitui, akaniuliza kama nimeitumia tangu kuinstall. Nikasema ndiyo. Akaifunga taratibu akanirudishia kwa mikono miwili, na nikajua bila kuambiwa.

Jumamosi mbili zikapita, na uongo wangu ni ule ule. Ya tatu, mama alikokota kiti mwenyewe, fimbo mkono mmoja, kiti mkono mwingine, mpaka kwa tangi. Akaketi akanitazama.

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Alinisikiliza, akaniwekea mkono kichwani, halafu akainuka akaingia ndani. Kiti nilikiacha hapo nje. Sikuweza kukigusa.

Mwikali ndiye aliuliza, "Na simu za watu wa kwaya?"

Wakuu, hiyo haikuwa imenijia. Kwa kwaya ya mama, kwa sababu hakuna wa kusoma nota, kila mmoja alikuwa anarekodi mazoezi kwa simu yake, aende akijifunza sauti yake nyumbani akilima. Na wa sauti ya pili walisimama karibu na mama.

Nikaanza kuzunguka. Simu moja ilianguka kisimani. Nyingine memory card ilijazwa picha za harusi. Mama mmoja wa Migwani alitafuta kwa yake akakosa, akalia kuliko mimi. Wiki sita, sina kitu.

Wa mwisho alikuwa Mama Ndanu, aliyehamia Kanyangi. Akatoa simu ya mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, kwa mkebe wa mbegu za ndengu, betri imevimba. Kadi ilikuwa ndani. Niliiweka kwa laptop hapo hapo mezani pake.

Sekunde arobaini.

Akina mama wanaanza wimbo, mbuzi analia, na mama yangu anawasimamisha: "Aiya! Sauti ya pili, mnaenda wapi? Rudini hapa!" Wanacheka. Anawaimbia mstari mmoja, peke yake. Halafu anasema, "We Mutua, ingia ama utoke, usinisimamie kwa mlango."

Mutua ni mimi. Hiyo siku hata siikumbuki. Nililia kwa watu, sina haya kusema.

Jumamosi iliyofuata kiti kilirudi kwa tangi. Mama akafunga macho. Alipojisikia akiita sauti ya pili, mkono wake ukainuka ukaanza kupiga mdundo gotini. Ilipofika kwa jina langu, akafungua macho, akaninyooshea kidole. Miaka mitatu hajaniita.

Nikamwambia, "Naingia, mwaitu."

Tunaisikiliza kila Jumamosi, inaisha, ananyoosha kidole tena, naanza upya.

Somo nililopata: kukopi si backup. Toa flash, iweke kwa mashine nyingine, fungua faili moja moja mpaka usikie kwa masikio yako. Ndipo ufute.

Zile nyimbo kumi na moja najua zimeenda. Lakini kama mama yako au shangazi yako aliwahi kuimba na kwaya ya akina mama huku Kabati, na kuna simu ya zamani kwa droo, tafadhali ichaji, usikilize, uniandikie hapa chini.

Hata kama haimbi. Hata kama ananigombeza.