Aliyekunja Jezi za Babu

Kila babu aliporudi kutoka mechi za mbali, jezi yake ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa mikono ndani, kola juu. Bibi akajua kuna mwanamke. Babu alijibu kwamba hayo ni mambo ya timu, akafa na jibu hilohilo, na picha yake ikalazwa juu ya kabati, uso chini. Mpaka leo bibi akikasirika huchukua taulo na kutuonyesha mikunjo ya "yule wake".

Aliposikia naenda kutembelea ule mji mdogo wenye makumbusho ya michezo, ambako timu ya babu ilikuwa na makao, alinivuta pembeni.

"Ulizia, mjukuu wangu. Ila usiseme wewe ni wa kwetu."

Mtunzaji wa makumbusho ni mzee mwembamba mwenye masharubu meupe. Mjini wanamwita Kufuli. Tangu filimbi moja ya refa iibiwe humo, humfuata kila mgeni nyumanyuma. Nikisimama, anasimama. Nikiinamia viatu vya mpira vilivyopasuka, anakohoa. Mimi naona haya hata kuuliza bei dukani, kwa hiyo nilizunguka chumba kizima mara mbili kabla ya kuulizia jezi za zamani.

"Za nani?"

"Za yeyote tu, mzee."

"Anayeulizia jezi hataki ya yeyote. Anataka kubeba."

Nilikana. Hakuniamini, lakini hamu ya kuzisifia jezi zake ilimshinda nguvu. Alisimulia kwamba ujanani alitaka kucheza, goti likamkatalia, akapewa beseni na pasi. Mke wa mchezaji mmoja alikuwa amefua jezi pamoja na shuka jekundu, na kocha akaamua kuanzia siku hiyo zote zifuliwe kambini kabla ya watu kurudi makwao. Wachezaji walikatazwa kutoa sababu nyumbani. Nani angethubutu kumwambia mkewe kwamba kocha haamini ufuaji wake?

Kisha akafungua droo, akatoa jezi moja na kuitandaza mbali na mikono yangu. Alipoirudisha, alikunja mikono ndani, akaweka kola juu, akapitisha kiganja katikati, ukabaki mstari. Hata huo mstari bibi huwa hausahau akikunja taulo.

"Mzee," nilisema, "mimi ni mjukuu wa winga wenu wa kushoto."

Akafunga droo, akatia ufunguo mfukoni.

"Nilijua tu una lako jambo."

Nyumbani nilimweleza bibi kila kitu, hata masharubu ya mzee. Akanirushia taulo nimwonyeshe. Nilipomaliza akauliza:

"Hayo masharubu alikuwa nayo tangu zamani?"

"Sikumuuliza, bibi."

Alinikagua kama Kufuli alivyonikagua. Halafu akaniambia nipande kiti, nimteremshie picha. Aliifuta vumbi kwa lile taulo, akaiegemeza ukutani, uso mbele. Nilipouliza kama nilete msumari niitundike, alisema nisiwe na haraka.