Karatasi za Mwalimu Taratibu

Wanaosema Mwalimu Taratibu alipika ripoti ili darasa lake lisifiwe wanamsingizia. Ripoti nilizipika mimi.

Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakumharakisha yeyote. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha watoto wenye ulemavu wa ukuaji. Kufunga kifungo kimoja kwaweza kuchukua muhula mzima, naye hupiga makofi kana kwamba mtu kafaulu mtihani wa taifa. Kila mwisho wa mwezi huandika aliyoyaona darasani, mzazi akayapeleka kliniki, daktari akapanga mazoezi, naye mwalimu akayafanya na watoto.

Ripoti za mjukuu wangu nilizibeba mimi. Niliwahi kuwa mkuu wa shule. Marehemu mume wangu alikuwa hakimu. Niliposoma, "Haitiki akiitwa. Bado anajikojolea," niliona ukoo mzima umeanikwa kwenye kamba. Nikaandika upya: anaitika, anaomba ruhusa, anaunga sentensi. Chini nikaweka jina la mwalimu. Methali ya mficha maradhi nimeifundisha miaka thelathini, sikudhani inanihusu.

Daktari akafurahi, akasimamisha mazoezi. Baada ya miezi minne mtoto akapoteza hata lile neno "bibi" alilokuwa nalo. Daktari akatuita, mimi na mwalimu.

"Mwalimu, umeandika anaunga sentensi. Mbona leo hajatamka hata neno?"

Mwalimu Taratibu akazigeuza karatasi, kisha akanitazama. Alifundisha chini yangu miaka sita. Mwandiko wangu anaujua.

"Kosa langu, dokta. Tuanze upya."

"Mwalimu mzima! Mtoto si maonyesho ya shule!"

Nami, msomi, nikafunga zipu ya mkoba.

Nje nikamwambia, "Ahsante kwa kunisitiri."

"Sikukusitiri wewe, mama. Ningekutaja, ungemwondoa mtoto kliniki. Mazoezi yanaanza Jumatatu. Karatasi nitazipeleka mwenyewe."

Shuleni wakampa barua ya onyo, mitaani wakampa jina la mwongo, nami nikaendelea kuitikia salamu za heshima kwa wiki saba.

Leo nimempelekea daktari karatasi halisi, na mkuu wa shule maelezo haya yenye sahihi yangu. Barua ile ifutwe.

Mjukuu wangu ana ulemavu gani, na umetoka upande gani wa ukoo, siwaambii. Msiniulize.