Shukrani Chini ya Kazi Iliyofungwa

Belyse ni mtoto wangu wa kwanza. Tulipoingia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, alikuwa bado mdogo, akitembea ameshika kitenge changu, na hakukiachia mpaka tulipoonyeshwa kiwanja chetu hapa Rubondo. Leo ni mwanamke mzima, lakini tabia ni ile ile. Kitu kilichomsaidia mara moja, hakiachii.

Mimi niliishia darasa la nne, kule Burundi. Yeye alisoma hapa mpaka sekondari, kisha mambo yakatushinda, akarudi nyumbani tukalima pamoja. Kwa sababu anaandika vizuri na ana telefone inayofaa, kamati ya maji ilimfanya mwandishi wake. Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Pampu ya kisima ikiharibika, mwandishi anawajulisha wanaoitengeneza, ofisi moja iliyoko Kakiika, Mbarara.

Mambo ya ofisi ile alinieleza tukipukuchua mahindi. Hawapendi kupigiwa simu, maana neno la simu linasahaulika. Wana programu ya kupanga kazi ndani ya kompyuta, nayo ina anwani yake ya imeli. Ukituma ujumbe kwenye anwani hiyo, ujumbe wenyewe unageuka kuwa kazi. Kichwa ulichoandika kinakuwa jina la kazi, maneno ya ndani yanakuwa maelezo, na picha inafuata. Kazi inatokea kwenye ubao wao, inapewa fundi, na fundi akimaliza inafungwa.

"Kwa hiyo unatuma maneno, yanafika yakiwa jembe," nilimwambia.

Alicheka. "Ndiyo, mama. Yanafika yakiwa jembe."

Mara ya kwanza ilikuwa hivyo kweli. Chuma cha ndani ya pampu kilikatika, Belyse akatuma ujumbe na picha, na haikupita wiki fundi anayeitwa Benon akafika na pikipiki yake. Alipoondoka, jibu likaingia kwenye telefone: kazi imekamilika, asante kwa taarifa. Belyse aliwasomea watu pale kisimani. Niliwaangalia wakimwangalia mtoto wangu, nikamshukuru Mungu, na papo hapo nikaogopa. Mtu akisifiwa na watu wengi hivyo, mama yake halali vizuri.

Kiangazi kilipoanza, pampu ikafa tena. Mpini unapanda, unashuka, maji hayaji.

Kwetu, jirani akikuletea kitu ndani ya kikapu, kikapu hakirudi kitupu. Na ukiwa na haja nyingine, unarudi kwenye mlango ule ule uliokufungukia, unaanza kwa kushukuru la jana, ndipo unasema la leo. Anayefika na haja mpya kana kwamba hajawahi kusaidiwa, watu huuliza kama alikuwa na wazazi. Basi Belyse hakuanza ujumbe mwingine. Alifungua lile jibu la ofisi, akaandika chini yake. Alianza hivi: "Tunawashukuru sana kwa kazi nzuri mliyotufanyia. Mungu awabariki ninyi na familia zenu." Habari ya pampu iliyokufa ilikuja baadaye, kwa upole.

Mzee Venuste, mwenyekiti wa kamati, alisomewa akaitikia kwa kichwa. "Umeandika kama mtu aliyelelewa."

Tukangoja. Benon hakuja.

Wanawake wakaanza kuteremka bondeni, kuchota kwenye majani ya kando ya ziwa, pale wanaponyweshwa ng'ombe. Mimi nilichemsha yale maji mpaka kuni zikaniishia, nikaenda kutafuta nyingine, nikachemsha tena. Si kila mtu aliweza. Na kila jioni watu walipita mbele ya nyumba yetu na bidoni zao, madumu matupu ya maji, wakitazama mlangoni. Nabintu, jirani yetu Mkongomani asiyejua kunyamaza, ndiye aliyesema kwa sauti.

"Ee Belyse! Ile telefone yako inanywesha weye peke yako?"

"Nimeandika, yaya," Belyse alimjibu, kwa heshima ya dada mkubwa.

"Umeandikia nani? Muchumba? Basi umwambie alete maji, mahari tutaongea nyuma."

Watu walicheka. Belyse naye alicheka, akaingia ndani kabla yao hawajamaliza.

Kisha Régis akaugua. Ni mtoto wa Mukashema, ambaye nyumba yake iko nyuma ya ua wetu. Mtoto wa kukimbiza kuku, hana hata meno yote. Alianza kuharisha, homa ikapanda, wakambeba mpaka kituo cha afya. Huko wakamtundikia maji ya mshipani. Daktari alisema ni maji mabaya aliyokunywa.

Tangu siku hiyo sikuwa na sala nyingine. Nilijua kwamba mtoto yule akifa, watu watasema amefia mikononi mwa Belyse, na kwamba Belyse mwenyewe atakuwa wa kwanza kuamini hivyo. Nilimwona akiandika tena, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya jibu lile lile. Akaandika tena na tena. Na kila mara shukrani zilirefuka, kwa sababu alidhani huenda mara iliyopita hakuonyesha heshima ya kutosha.

Jumapili, tulipotoka misani, mzee Venuste alinivuta pembeni.

"Mama Belyse, watu wanasema mtoto wako hatumi kitu. Mimi simo. Lakini wanasema."

"Na wewe unasema nini, mzee?"

Alivaa kofia yake polepole. "Mimi nasema mtoto wa Mukashema hajaamka vizuri."

Kesho yake nilimwambia Belyse avae, twende Mbarara.

Ofisi ile ya Kakiika ni nyumba ya kawaida, ina migomba nyuma. Tulimkuta mwanamke kijana anayeitwa Evas, Mnyankore mwenye sauti ya taratibu, anayemwita kila mwanamke nyabo, yaani bibi. Alitupa viti na maji ya kunywa. Niliyatazama maji yale ndani ya glasi, nikashindwa kuyanywa.

"Rubondo?" alisema akitazama kompyuta. "Lakini nyabo, hii iliisha. Iko na alama ya kijani. Benon alimaliza."

"Ilikufa tena," Belyse alisema. "Nimewaandikia mara nyingi."

"Hapana, mimi sina kazi mpya ya Rubondo."

Belyse akampa telefone. Evas alisoma, akasogeza kidole, akasoma tena. Halafu akaifungua ile kazi yenye alama ya kijani, akashuka mpaka chini kabisa. Ujumbe wote ulikuwepo. Ujumbe wa mwanangu ulikuwa umepangana pale, mmoja chini ya mwingine, kama watu wamepiga foleni mbele ya duka lililofungwa.

Evas alifunika mdomo kwa kiganja.

"Unaona," alisema baadaye, "ukijibu ile ya zamani, maneno yanaingia chini ya kazi ambayo imefungwa. Haifanyi kazi mpya. Kwa ubao haitokei. Fundi hapewi kitu." Akaitoa simu yake. "Mimi nilikuwa naona mstari wa kwanza tu kwa simu yangu: Tunawashukuru sana. Nilifurahi. Nilisema, kumbe kuna watu wa shukrani hivi! Sikufungua."

"Tungeanzaje bila kushukuru?" Belyse aliuliza. Hakuwa akibishana. Aliuliza kweli.

Evas alimsogezea kiti. "Andika hapa hapa. Mpya. Kwa kichwa weka shida peke yake."

Vidole vya Belyse vilikaa juu ya telefone. "Bila salamu?"

"Salamu weka ndani, nyabo. Kwa kichwa, pampu."

Aliandika: Pampu imekufa, Rubondo, mtoto amelazwa. Akatuma. Tulikuwa bado tunatazama kompyuta maneno yale yalipotokea kwenye ubao, peke yake, juu ya kazi zote. Evas akaweka jina la Benon pembeni yake, kisha akampigia simu pia, ingawa hawapendi simu.

Benon alifika siku iliyofuata. Mpira wa ndani ulikuwa umelika, akaubadilisha. Maji yalitoka ya kahawia, kisha yakatakata, na watu wakajaa. Nilikuwa nimemwambia Belyse akae kimya, jambo lipite. Yeye akasimama karibu na mpini, akawaambia wote kwamba ujumbe wake ulikuwa ukienda mahali palipofungwa, kwamba angeanza mpya fundi angekuja mapema. Nilimfinya mkono. Hakuutoa.

Mukashema alikuwa amekuja kutoka kituoni kuchukua nguo za mtoto. Alisogea mbele na bidoni yake. Watu wakampisha.

"Uliandika nini huko?"

"Nilianza kwa kuwashukuru, Mama Régis."

"Mtoto wangu anakauka, wewe unashukuru."

"Ndiyo, Mama Régis."

Niliangalia mikono ya Mukashema, kwa sababu usoni sikuweza.

"Na mimi ningeanza kwa kushukuru," alisema mwishoni. Akaiweka bidoni chini ya mdomo wa pampu, akarudi nyuma hatua, akamwachia Belyse mpini. Belyse akapiga pampu mpaka ikajaa, na hakuna aliyejitolea kumpokea mpini.

Régis amerudi nyumbani. Miguu yake bado myembamba, na kuku wanamshinda mbio. Mimi huchungulia uani kila asubuhi mpaka nimsikie akiwafukuza. Belyse bado ni mwandishi wa kamati. Pampu ikisumbua, anatuma ujumbe mpya, na kichwani anaweka shida tupu. Anasema hajazoea, kila mara anajiona kama ameingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Fundi akishamaliza na kazi ikafungwa, anakaa juu ya kile kinu na kuandika shukrani zake zote, na salamu za familia, chini ya ile kazi iliyofungwa. Pale hazimzuii mtu.