Simu Juu ya Kigoda

Deodatha hakuwahi kupokea simu ya mtu mzima akiwa amesimama. Simu ikiita, alitazama jina kwanza. Kama mwenye jina alimzidi umri, alipiga magoti palepale alipo, jikoni au katikati ya migomba, ndipo akapokea. Nilimkuta mara moja amepiga magoti kwenye tope, akiongea na shangazi yake wa Kimuli.

"Hakuoni," nilimwambia.

"Hanioni, dada, lakini anasikia sauti inatokea wapi."

Tulikuwa majirani hapa Ihembe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa na diploma ya kilimo iliyokaa kabatini miaka kumi na mmoja, kwanza kwa kukosa ajira, kisha kwa kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, Deodatha alibaki na nyumba ya vyumba vinne, mibuni ya uani, na sufuria kubwa aliyopikia ndizi nne tu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Siku moja, tukimenya ndizi, alisema bila kuinua macho, "Nikikohoa humu ndani, hakuna wa kuniambia pole."

Mwezi wa nne shirika moja la kahawa huko Mbozi lilimwita kwenye usaili wa kazi ya bibi shamba, kwa simu ya video. Mbozi ni mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Alikuja kwangu kujiandaa kwa sababu mtandao unashika vizuri sebuleni mwangu, karibu na dirisha.

"Watakuona uso na mabega tu," nilimwambia. "Usihangaike na sketi."

"Niwaamkie wazee wa watu bila sketi? Mwalimu, unafundisha nini huko shuleni?"

Wiki nzima tulifanya mazoezi. Mimi nilikaa chumbani na kumpigia, nikamuuliza kuhusu magonjwa ya mibuni, kutu ya majani na mnyauko, na namna ya kuvuna matunda mekundu peke yake. Alijibu kama mtu aliyengoja maswali hayo miaka yote. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya meza. Salamu hatukuzifanyia mazoezi. Nani hufanya mazoezi ya salamu?

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya pazia. Zilitokea sura tatu. Ya katikati ilikuwa ya mzee mwenye mvi.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Deodatha, akashuka kwa magoti mkekani.

"Marahaba," alijibu mzee. Kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Binti? Upo?"

Kwenye simu lilibaki shuka.

"Tumempoteza," alisema mwanamke mmoja. "Mtandao wa huko, huo." Wakakata.

Deodatha aliinua uso kutoka sakafuni. "Wamekata?"

"Umetoka kwenye picha. Kaa kitini, uingie tena."

"Nimwamkie mzee kama yule nimekaa kitini?" Akaanza kujifunga khanga. "Siwezi, dada. Acha tu. Nirudi zangu nyumbani."

Nakiri kwamba nilinyamaza. Nilitazama nyumba yake kupitia dirisha, moshi mwembamba juu ya paa, nikajua kwamba nikiendelea kunyamaza, moshi ule nitauona kesho, na mwakani pia. Hakuna aliyekuwa akinipa pole mimi nikikohoa, isipokuwa yeye.

Nikaenda jikoni, nikachukua kigoda. Nilikiweka juu ya mkeka mbele yake, nikaweka simu juu yake, nikavuta shuka likafika chini.

"Bonyeza tena," nilisema.

"Samahani, wazee wangu. Sasa mnaniona?"

"Tunakuona vizuri, binti. Pole na mtandao."

Aliongea nao dakika arobaini akiwa amepiga magoti, sauti imetulia. Walipoagana naye, miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikamshika kwapani kumwinua. Alicheka, na mimi nikacheka kidogo.

Barua ya kazi ilikuja baada ya wiki mbili. Nilimsindikiza hadi Omurushaka asubuhi na mapema, tukangoja basi tukiwa tumejifunika khanga moja kwa baridi. Alinikabidhi ufunguo wa nyumba, kwamba niwe naifungulia madirisha. Basi lilipofika alipanda, akakaa, kisha akafungua kioo na kuinama nje.

"Kigoda usikirudishe jikoni, dada. Ukinipigia kwa video, weka simu juu yake nawe ukae mkekani, maana mimi huko nitakuwa chini."