Moshi wa Pilipili

Shamba letu la Buger linapakana na msitu, na mahindi yakianza kukomaa tembo huwa wa kwanza kujua. Mwaka ule mume wangu alirudi kutoka semina akiwa na kofia mpya na elimu mpya: tembo hawavumilii pilipili. Unachanganya pilipili kichaa na kinyesi cha ng'ombe, unafinyanga matofali, unayakausha, halafu unayachoma pembeni mwa shamba. Moshi ukimfika tembo puani, anageuza.

"Anajiondokea mwenyewe," alitueleza. "Hakuna tena kupiga madebe."

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alimsikiliza mwanawe kwa utulivu. "Na huyo tembo naye alihudhuria semina?"

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya msitu, dume moja lilitokeza na kuingia kwenye mahindi. Mume wangu alikimbia kuwasha matofali yake. Yaliwaka vizuri sana. Kisha upepo, uliokuwa umevuma kuelekea msituni mchana kutwa, ukageukia nyumbani.

Kuku ndio walioanza kukimbia. Mbuzi wakakata kamba wakawafuata. Nikiwa mlangoni, macho yakiniwaka, nikapitwa na mama mkwe. Tangu niolewe nilimjua kama mtu wa mkongojo, mwenye goti baya. Siku ile aliruka mtaro. Nilimkuta bondeni kwenye maharage, tukashikana mabega na kukohoa pamoja, sisi ambao kwa kawaida tulisalimiana kwa mbali na kwa heshima. Mume wangu akatufikia, machozi yakimtiririka.

"Imefanya kazi," alisema.

"Kwa nani?" aliuliza mama yake.

Tembo alikuwa upande wa juu, kwenye hewa safi, akivunja bua moja baada ya jingine bila haraka.

Nilikuwa nimeshakata tamaa upepo ulipogeuka tena kuelekea msituni. Moshi ukampata. Alinyanyua mkonga, akatikisa masikio, akageuka kama tulivyoahidiwa. Ila hakwenda msituni. Aliteremka kwa jirani, ambaye hakuwa na tofali hata moja. Tukasikia madebe yakilia huko. Niliona aibu, lakini nilipotazama mahindi yaliyobaki nikaona pia furaha, na sikuweza kuitoa moyoni.

Asubuhi jirani alikuja, akampa mume wangu mkono.

"Asante kwa kunitumia mgeni, jirani," alisema. "Sasa nifundishe na mimi."

Mume wangu alivaa kofia yake, akamfundisha hadi mchana.

Msimu uliofuata mteremko mzima ulifuka moshi. Tembo wakahamia vijiji vya mbele, na huko nako, tulisikia, watu wakaanza kuulizia semina. Mama mkwe alihamia kwa binti yake Karatu mjini hadi tulipomaliza kuvuna. Alituletea salamu kwamba huko kuna vumbi la magari ya watalii tu, na vumbi analiweza.