Mishamo, Tulikomfuata Ezekieli

Safari hii ilianza kwa hasira. Kwenye kikao cha maafisa ustawi wa jamii pale Mpanda, mtu mmoja alimwita Mama Ezekieli wa Mishamo mkaidi. Mwanawe ana kifafa, alishaangukia moto akaungua mkono, na kila tulipomwandikia rufaa ya hospitali hakutokea. Nikajikuta nimesema mbele ya wote: kesho namfuata mwenyewe, na sirudi bila mtoto. Nilijitia kitanzi, lakini jamani, furaha niliyokuwa nayo!

Alfajiri tuliondoka na gari la ofisi, mimi, dereva na Mwajuma, muuguzi wa kliniki ya kifafa. Porini mbung'o waliingia dirishani, tukapigana nao kwa kanga huku tukicheka. Baiskeli zenye magunia ya mahindi zilitupisha kwenye vumbi jekundu.

"Na akikataa tena?" Mwajuma aliniuliza.

"Tutamhubiria."

"Ameshahubiriwa na wangapi?"

Nikaanza kuipanga hotuba yangu kimoyomoyo.

Kabla ya adhuhuri tukafika Mishamo. Mama Ezekieli alikuwa anapura maharage uani. Kibarazani mtoto aliketi mkekani na bibi yake asiyeona, mama mkwe wa mwenyeji wetu. Tuliwaamkia, tukapewa viti. Hotuba yangu ya hatari za kifafa ilikuwa tayari mdomoni, nikaimeza.

"Mama Ezekieli, kinachokuzuia kuja ni nini?"

Akaweka fimbo chini.

"Hilo hamjawahi kuniuliza nyie. Mnakuja, mnanifundisha, mnaondoka. Mtoto wangu nisitake apone? Ila mume wangu amefariki, na mama mkwe haoni. Nikilala Mpanda, nani atampikia? Nani atampeleka choo?"

Moyo ulinidunda kwa furaha. Kumbe hakuna ukaidi hapa, kuna kazi ya kupanga tu! Mwajuma akapendekeza jirani, mimi nikapendekeza wanakwaya wa kanisani kwao washike zamu. Tulikuwa tumeshafika kwenye nani atachota maji, bibi akaupiga mkeka kwa kiganja.

"Nyie watu! Mnanipanga kama gunia? Nani kasema nabaki? Nakwenda na mjukuu wangu."

"Mama, utaweza gari?" mkwewe akauliza.

"Nilitoka Burundi kwa miguu. Gari ndilo litanishinda?"

Tukacheka mpaka jirani akaja kuona kuna nini. Huyo huyo ndiye aliyeachiwa maharage.

Mchana tukaanza kurudi. Bibi alikaa mbele, akitaka kutajiwa jina la kila kijiji. Ezekieli alisinzia mapajani mwa mama yake, nami nilitamani kupiga honi njia nzima.

Kesho yake, hospitalini Mpanda, daktari alimpima Ezekieli, dawa ikapatikana. Akamwangalia na bibi macho, akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, unatibika. Nilijifunza kwamba nyumba ile tulikuwa tunaisoma vibaya: bibi tulimweka upande wa mizigo, tukampangia pa kuachwa.

Mwajuma akamgeukia mama kumwelekeza namna ya kutoa vidonge. Bibi akanyoosha mkono mpaka akaipata pakiti.

"Niambie mimi," akasema. "Huyu mchana kutwa yuko shambani. Mtoto akianguka, anayemlaza ubavu ni mimi."

Mwajuma akavuta kiti karibu na bibi, akaanza upya.