Zamu ni Majina, Kisha Zamu

Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo sikulimaliza. Lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Nawakumbuka wanawake wote niliosimama nao kwenye foleni ya lifti pale jengo la Tianxiu, pamoja na watoto waliowaacha Moshi, Tabora na Mbeya. Ndiyo maana kina mama wa jumuiya walinipa mimi kazi ya kushika zamu.

Kwetu bara jumuiya husali nyumba kwa nyumba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani. Tulipofika Guangzhou, Uchina, hatukuiacha desturi hiyo. Tulikuwa kumi na mmoja, wote wa biashara ya nguo na vitambaa, tukisali Jumapili mchana katika vyumba vyetu vya kupanga huko mtaa wa Xiaobei. Ulipokuja mwaka wa Olimpiki viza zikawa ngumu, na baada yake polisi hawakubanduka milangoni mwa majengo, wakidai pasipoti. Tukakubaliana orodha isiandikwe popote, ikae kichwani mwangu. Anayetaka kujua aniulize, nami nimtajie jina moja na chumba kimoja, basi. La wiki inayofuata aniulize wiki inayofuata.

Aliyelishikilia sana hilo alikuwa mama mmoja aliyenunua nguo za watoto soko la Liuhua. Viza yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa anangoja mzigo wake wa mwisho upakiwe kwenye kontena, ndipo akajisalimishe arudi nyumbani. "Bibi, jina langu nakuachia wewe," aliniambia. "Likitoka kwako, mimi nimekwisha."

Nilikuwa nikiishi na mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, niliyemlea tangu ananyonya chupa. Alikuwa anasomea kompyuta chuoni kulekule. Siku moja tunachambua mchele, akanisikia namjibu mtu kwenye simu kuhusu zamu, akacheka. Akasema kichwa changu kinafanya kazi kama lugha moja ya kompyuta wanayofundishwa. Nikamuuliza ni lugha gani hiyo. Akasema ni lugha mvivu. Haifanyi lolote mpaka iulizwe, na ikiulizwa kitu kimoja hutoa hicho kimoja, mengine huyaacha. Nikamwambia basi hiyo ni ndugu yako, maana na wewe vyombo huoshi mpaka uulizwe.

Akafuta mikono, akaandika mstari mmoja, akanisomea kwa Kiswahili: zamu ni majina, kisha zamu. Nikangoja aendelee. Kumbe ndiyo imekwisha. Nikamuuliza mwisho wa orodha uko wapi.

"Haina mwisho, Bibi. Majina yakiisha inaanza zamu tena, na zamu ni majina, kisha zamu. Wewe unachukua unachotaka. Kilichobaki hakijatengenezwa bado."

Alisema lugha nyingine ukiiandikia hivyo itataka kwanza kuimaliza orodha nzima, nayo haimaliziki, kwa hiyo itakwama. Hii haihangaiki. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nimeosha sufuria ili nipike, nikapika ili nioshe, miaka hamsini, na sufuria ya mwisho sijaiona.

Akaomba ayaweke majina yetu ajaribie. Hapo nikakataa. Nikamwambia aweke vitambaa, na kila mama nikampa chake: batiki, satini, hariri, kaniki. Yule wa Liuhua nikampa pamba. Mjukuu wangu akaniapia kwamba majina ya watu hayataingia humo kamwe. Alikuwa akija kusali nami, hivyo miezi mitatu haikupita kabla hajaingia vyumba vyote kumi na kimoja, na sikuona ubaya. Angekaa wapi Jumapili, mtoto wangu mwenyewe?

Kisha chuo chao kikafanya maonyesho, na shindano la programu fupi kuliko zote. Akanialika. Nilivaa kitenge nilichojichagulia mwenyewe soko la vitambaa la Zhongda, nikapanda basi nikiwa na furaha. Ukumbini, karatasi yake ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Juu kulikuwa na ule mstari kwa herufi nene, watu wameuzunguka wanapiga picha. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalipangwa yale yaliyotolewa na kompyuta.

Barua ndefu hunishinda, lakini majina nayasoma. La kwanza lilikuwa langu. La tatu lilikuwa la yule mama wa Liuhua, na pembeni yake namba ya chumba.

Nikamvuta mjukuu wangu kando, nikamuuliza vitambaa viko wapi.

"Mwalimu alisema vinaonekana mchezo. Nilitaka kionekane kitu cha kweli."

"Ulikula kiapo."

"Bibi, hakuna anayesoma majina. Wanautazama mstari."

"Mimi nimeyasoma."

Nikamwomba aibandue. Akasema baada ya majaji kupita, na kwamba nisimharibie siku yake. Mwalimu wake akaja akanipa mkono, na mjukuu wangu akatafsiri, kwa sauti ya mtoto mwema, kwamba ninapongezwa kwa kulea. Nilimpa mwalimu mkono. Kisha nikatoka.

Nilimkuta yule mama sokoni Liuhua, kwenye korido, anafunga robota. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Aliukata utepe wa gundi kwa meno, akauliza, "Na namba ya chumba?"

"Nayo."

"Na mimi nilikuwa nasema, afadhali Bibi, kuandika kwake kwa shida."

Alihama siku ileile. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake, hatukusali popote. Jumatatu polisi walipita ghorofa yake mlango kwa mlango. Kama ni kwa ajili ya karatasi ile au ni msako wao wa kawaida, sijui, na mjukuu wangu alishika hilohilo: huna uhakika, Bibi. Kweli sina. Lakini kontena liliondoka na nguo za watoto, mwenyewe hatukumwona tena, na simu yake haikupokewa.

Kina mama wengine nao wakabadilisha vyumba. Wiki nne hakuna aliyeniuliza kitu. Wakinikuta njiani waliniamkia vizuri, shikamoo Bibi, wakapita. Wiki ya tano mmoja akapiga simu. Akauliza, "Jumapili hii kwa nani?" Nilikuwa nimeshaipanga upya kichwani, vyumba vipya, watu tisa mbali na mimi. Nikamtajia jina moja.

Jumamosi ile mjukuu wangu alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya kusalia. Akaniuliza bila kugeuka, kama alivyozoea, "Bibi, kesho kwa nani?"

Anajua kwamba namkumbuka kwa jina hata mkunga aliyemzalisha mama yake.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Pasi ilikaa mahali pamoja mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.